Bima ya Gari ya Muda Mfupi Ukiwa Ugenini: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Mtu anayetafuta bima ya gari ya siku chache katika nchi isiyo yake hukwama, mara nyingi, palepale walipokwama waliomtangulia. Amelipa, amepokea cheti kwa barua pepe, kisha polisi wanamsimamisha na kumwambia kwamba gari hilo halionekani kwenye kumbukumbu. Au amepata ajali ndogo, na kampuni inakataa madai yake kwa sababu ya jibu moja alilolijaza kwa kukisia. Katika visa vyote viwili tatizo halikuanzia barabarani. Lilianza kabla hajalipa, na ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo ya kufanya kabla ya malipo.

Muda mfupi hapa ni siku moja hadi miezi mitatu hivi. Nchini Uingereza bima za namna hii huuzwa zaidi kwa siku 1 hadi 28, na Ufaransa kwa siku 1 hadi 90. Ukihitaji gari kwa muda mrefu kuliko huo, linganisha kwanza na bima ya mwaka inayoweza kuvunjwa katikati, kwa sababu ada ya siku moja moja hupanda haraka kuliko watu wanavyotarajia.

## Vitu vya kuwa navyo mkononi

Usifungue fomu yoyote kabla hujaviweka vitu hivi mezani, kwa kuwa fomu nyingi za mtandaoni hukatika zikikaa muda mrefu bila kujazwa, na mtu mwenye haraka ndiye anayekisia.

- Leseni ya udereva yenyewe, wala si picha yake kwenye simu. Utahitaji namba yake, tarehe uliyoipata kwa mara ya kwanza, na tarehe ya kuisha.
- Kibali cha kimataifa cha udereva, pale kinapohitajika. Hatua ya 3 inaeleza.
- Pasipoti, pamoja na viza au kibali cha ukaazi, na anwani kamili ya mahali unapolala.
- Kadi ya gari au nakala yake, yenye namba ya usajili, namba ya chesesi na jina la mmiliki.
- Ruhusa ya maandishi ya mwenye gari, ikiwa si lako. Ujumbe wa simu wenye tarehe ni bora kuliko neno la mdomo.
- Barua ya kampuni yako ya bima ya nyumbani inayoonyesha miaka uliyoendesha bila kudai fidia. Si kila kampuni ya ugenini huikubali, lakini ikikubaliwa inaweza kukupunguzia ada.
- Kadi ya benki yenye jina lako mwenyewe.

## Hatua ya 1: Tambua gari ni la nani

Swali hili ndilo linaloamua unanunua bima gani, kwa nani, au kama unahitaji kununua kabisa.

Gari la kukodi. Kwa kawaida kampuni ya kukodisha tayari ina bima ya lazima, ile inayowalipa watu wengine utakaowaumiza au utakaowaharibia mali. Kinachobaki ni uharibifu wa gari lenyewe. Hapo ndipo karani wa kaunta anapokuuzia "msamaha wa uharibifu", ambao kwa hakika si bima bali ni ahadi ya kampuni kwamba haitakudai zaidi ya kiasi fulani. Ahadi hiyo mara nyingi haigusi magurudumu, vioo, paa wala sehemu ya chini ya gari, wala madhara ya kutia dizeli kwenye gari la petroli. Ukikodi gari, ruka moja kwa moja hadi Hatua ya 3.

Gari la kuazima kwa ndugu au rafiki. Hapa nchi zinatofautiana sana. Marekani, kwa kawaida, bima hulifuata gari: mwenye gari akikuruhusu kuliendesha, bima yake hukuhusu, isipokuwa mkataba wake uwe umekutaja kwamba hukubaliwi. Uingereza, bima humfuata dereva aliyetajwa kwenye mkataba. Shemeji yako akikurushia funguo jijini London huku jina lako halimo kwenye bima yake, umeondoka bila bima hata kama gari limekatiwa bima kubwa kupita zote. Watu wengi waliozoea utaratibu wa aina moja huadhibiwa wakifika kwenye utaratibu wa aina nyingine.

Gari ulilonunua na unataka kulitoa nchini. Hili lina njia yake. Ujerumani, kwa mfano, hutoa namba za muda mfupi zinazodumu siku 5 kwa majaribio na kuhamisha gari ndani ya nchi, na namba za kusafirishia gari nje kwa muda mrefu zaidi. Zote hutolewa baada ya kuonyesha bima, na kwa zile za siku 5 wakala atakupa uthibitisho wa kielektroniki wa herufi na tarakimu 7 ambao ofisi ya usajili huusoma kwenye mfumo wao.

Gari ulilokuja nalo kutoka nyumbani. Soma Hatua ya 2 kwa makini.

Umefaulu hatua hii ukiweza kusema kwa sentensi moja: "Gari ni la fulani, na bima yake inanihusu au hainihusu, kwa maandishi haya."

## Hatua ya 2: Jua nchi inadai nini, na kama kadi ya kuvukia mpaka inatosha

Karibu kila nchi hudai angalau bima ya mtu wa tatu, ile ambayo wengi huiita thadi pati. Inalipa hasara ya watu wengine, si yako. Lakini namna inavyotekelezwa si moja.

Afrika Kusini, Botswana, Namibia, Lesotho na Eswatini zina mifuko ya fidia inayochangiwa kupitia tozo kwenye mafuta, kwa hiyo kila anayejaza tangi amechangia. Mifuko hiyo hushughulikia majeruhi na vifo. Haitengenezi gari uliloligonga. New Zealand nayo hailazimishi bima ya gari, kwa kuwa majeruhi hulipwa na mpango wa taifa, lakini bampa ya gari la mwenzio utailipa kutoka mfukoni mwako. Msafiri anayesikia kwamba "huko bima si lazima" husikia nusu ya habari.

Ukivuka mipaka na gari lako, uliza kama nchi unazopitia zimo kwenye mpango wa kadi ya pamoja:

- Kadi ya Kijani hutumika Ulaya na nchi kadhaa za jirani. Tangu Julai 2020 inaruhusiwa kuchapwa kwenye karatasi nyeupe, kwa hiyo usishtuke ikiwa "ya kijani" yako si ya kijani.
- Kadi ya Njano ya COMESA, iliyoanza kazi 1987, hutumika mashariki na kusini mwa Afrika. Tanzania imo kwenye mpango huu ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000.
- Kadi ya Kahawia ya ECOWAS, iliyotokana na itifaki ya 1982, hutumika Afrika Magharibi.

Kadi hizi hutolewa na kampuni inayokukatia bima nyumbani, kabla hujaondoka. Zinahusu madai ya mtu wa tatu katika nchi unayopita. Uharibifu wa gari lako mwenyewe unahitaji mkataba wako wa nyumbani uongezewe eneo. Soma pia orodha ya nchi iliyochapwa juu ya kadi, kwa sababu nchi iliyokatwa kwa mstari ni nchi usiyokatiwa bima.

Onyo. Kuna mipaka ambayo bima yako haiivuki hata hatua moja. Mkataba wa mtu wa tatu wa Marekani hautambuliki kisheria Mexico. Unatakiwa kuwa na mkataba wa kampuni ya Mexico, na dereva asiye nao anaweza kuzuiliwa baada ya ajali hadi ijulikane nani atalipa.

## Hatua ya 3: Hakikisha leseni yako inakubalika kwa muda wote

Bima isiyo na leseni halali nyuma yake ni karatasi tu. Uingereza, mgeni anayeingia na leseni ya nchi iliyo nje ya Ulaya kwa kawaida huruhusiwa kuendesha kwa miezi 12, kisha akiwa mkaazi lazima afuate utaratibu wa huko. Anayenunua bima ya siku 28 katika mwezi wa 12 huweza kujikuta leseni imeisha nguvu kabla ya bima.

Kuhusu kibali cha kimataifa, kumbuka mambo mawili. Kwanza, hutolewa na nchi iliyokupa leseni, kwa hiyo ukishafika ugenini umechelewa, na yeyote anayekuuzia kibali hicho mtandaoni akiwa nchi nyingine anakuuzia karatasi. Pili, kuna vibali vya mkataba wa 1949, ambavyo hudumu mwaka mmoja, na vya mkataba wa 1968, ambavyo huweza kudumu hadi miaka mitatu, na nchi hazivikubali vyote. Japani hutambua kile cha 1949 pekee.

## Hatua ya 4: Chagua kinga, kisha soma sehemu utakayoibeba mwenyewe

Bima ya mtu wa tatu hukuweka ndani ya sheria. Bima kubwa huongeza gari unaloliendesha. Kwa gari la kuazima nashauri bima kubwa bila kusita: kumharibia mtu gari lake na kumwambia kwamba sheria ilikuwa imetimizwa ni njia ya uhakika ya kupoteza ndugu.

Bei peke yake haikuambii kitu. Tafuta kiasi cha hasara unachokibeba mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa, ambacho mawakala wengi hukiita eksesi. Bima za muda mfupi huwa na eksesi kubwa kuliko za mwaka, na nyingine huongeza eksesi ya pili kwa madereva vijana au wenye leseni za nje, iliyoandikwa ukurasa wa mbali na ile ya kwanza. Jumlisha zote mbili. Jumla hiyo ikizidi thamani ya mikwaruzo ya kawaida, unajua kwamba kwa mikwaruzo hiyo huna bima.

Unaweza kununua bima nyingine inayorudisha eksesi, na kwa magari ya kukodi huwa nafuu kuliko ile ya kaunta. Fahamu tu inavyofanya kazi: kampuni ya kukodisha inachukua fedha kwenye kadi yako kwanza, nawe unadai baadaye kwa risiti. Kadi yako iwe na nafasi ya kutosha.

Kisha soma matumizi yaliyoruhusiwa. Safari binafsi, kwenda na kurudi kazini, na biashara ni vitu vitatu tofauti. Kupeleka vyakula au vifurushi kwa malipo ni kitu cha nne, na karibu kila bima ya kawaida ya muda mfupi hukikataa. Anayeazima gari wikendi ili afanye kazi ya kupeleka oda anahitaji bima ya kazi hiyo, itajwe kwa jina.

## Hatua ya 5: Hakiki anayekuuzia

Katika jamii za wahamiaji hutembea watu wanaouza bima kwa WhatsApp au Instagram, mara nyingi kwa lugha yenu na kwa bei ya kufurahisha. Hila zao ni tatu: hughushi cheti, au hununua bima ya kweli kwa taarifa za uongo, mfano umri na anwani ya mtu mwingine, ili bei ishuke, au hununua bima halali, wakakutumia cheti, kisha wakaivunja siku hiyohiyo na kurudishiwa fedha. Hila ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote kwa sababu cheti ulichonacho ni halisi kabisa.

Dawa ni kuingia mwenyewe kwenye tovuti ya msimamizi wa bima wa nchi hiyo, kwa Uingereza ni mamlaka iitwayo FCA na daftari lake, na kutafuta jina na namba ya usajili ya kampuni au wakala. Usifuate kiungo ulichotumiwa. Lipa kwa kadi yako, kwa kampuni, si kwa akaunti ya mtu binafsi.

## Hatua ya 6: Jaza fomu kama mtu anayehojiwa

Kila jibu hapa litasomwa tena siku ya madai, na safari hii litasomwa na mtu anayetafuta kosa. Maeneo yanayoangusha watu ni haya.

*Miaka ya leseni.* Fomu inauliza umekuwa na leseni tangu lini. Ikiwa leseni yako imehuishwa, tarehe iliyochapwa mbele inaweza kuwa ya kuhuishwa, na ukiiandika utaonekana dereva mpya. Kinyume chake, miaka uliyoendesha kwa leseni ya kujifunzia isihesabiwe.

*Aina ya leseni.* Chagua leseni ya nchi yako hata ikipandisha bei. Kuchagua leseni ya nchi uliyopo ili fomu ikukubali ni sababu tosha ya kukataliwa fidia.

*Namba ya usajili.* Herufi O na tarakimu 0 hufanana kwenye bamba chafu. Kwenye namba za Uingereza za mtindo ulioanza 2001, nafasi ya tatu na ya nne ni tarakimu daima, na zinazobaki ni herufi. Kwa hiyo alama ya mviringo iliyo nafasi ya tatu ni sifuri. Fomu ikikuletea aina ya gari, rangi na modeli, zisome. Zikiwa si zake, namba uliyoiandika ni ya mtu mwingine.

*Kazi yako.* Andika unayoifanya huko uliko, si ile uliyoiacha nyumbani.

*Makosa na ajali za nyuma.* Taja za nchi zote ikiwa swali halijabagua nchi.

## Hatua ya 7: Saa na tarehe

Sehemu hii ni fupi kwenye fomu, lakini kwa mzungumzaji wa Kiswahili ina mtego wake. Fomu huhesabu saa kuanzia 00:00 hadi 23:59, nasi vichwani tunahesabu kuanzia macheo. Safari ya saa kumi na mbili asubuhi huandikwa 06:00. Niliwahi kuandika 12:00 kwa safari ya alfajiri, nikaendesha nusu ya njia bila bima, nikalijua hilo nilipofungua cheti kwenye kituo cha mafuta. Hakuna aliyenisimamisha, ila chai ile haikushuka vizuri.

Mtego wa pili ni usiku wa manane. Bima iliyoandikwa kuisha tarehe 15 saa 00:00 imekwisha usiku wa kuamkia tarehe 15. Mchana wote wa tarehe hiyo huna kitu. Mtego wa tatu ni mpangilio wa tarehe: Marekani huanza na mwezi, kwa hiyo 03/04 ni Machi 4, si Aprili 3.

Ongeza saa kadhaa mwisho wa muda kwa ajili ya foleni, ndege kuchelewa au mwenye gari kutokuwepo nyumbani. Saa chache za ziada ni nafuu kuliko dakika kumi bila bima.

## Hatua ya 8: Lipa, kisha thibitisha

Baada ya kulipa unatakiwa upate vitu vitatu: cheti cha bima, masharti kamili ya mkataba, na muhtasari wa majibu uliyojaza. Soma huo muhtasari neno kwa neno. Ukiona kosa, piga simu kabla bima haijaanza na uombe hati mpya. Maelezo ya mdomo kwamba "tumerekebisha" hayatoshi.

Mahali penye daftari la taifa la magari yenye bima, hakiki namba ya gari humo. Daftari huweza kuchelewa siku kadhaa, na kwa bima ya siku mbili maana yake ni kwamba huenda gari lisionekane kabisa kwa kipindi chote. Kwa hiyo weka cheti kwenye simu mahali kinapofunguka bila intaneti, na kingine cha karatasi ndani ya gari. Uingereza polisi husoma namba za magari kwa kamera, na gari lisiloonekana huweza kukamatwa. Cheti chenye saa sahihi, pamoja na simu kwa kampuni, ndivyo vitakavyokutoa hapo.

Onyo. Gari likishakamatwa na kupelekwa yadi, bima ya kawaida ya muda mfupi kwa kawaida haikubaliki kulitolea. Kuna bima maalumu ya kazi hiyo, na masharti ya kawaida huitaja wazi hali hiyo kuwa haihusiki.

## Hatua ya 9: Kabla ya kuwasha gari, na ikitokea ajali

Zunguka gari na simu yako ukirekodi video moja isiyokatika: pande nne, magurudumu, kioo cha mbele, paa, kisha dashibodi yenye kilomita na mafuta. Video moja ina nguvu kuliko picha ishirini kwa sababu inaonyesha ni gari lilelile kwa wakati uleule.

Ajali ikitokea, shughulikia majeruhi kwanza, kisha polisi pale sheria inapodai. Usikubali kosa kwa mdomo wala kwa ujumbe, hata kwa adabu. Neno "samahani" tunalolisema kwa kumhurumia mtu huweza kutafsiriwa kuwa umekiri. Piga picha za magari kabla hayajasogezwa, namba, leseni na cheti cha mwenzako. Katika nchi nyingi za Ulaya madereva wawili hujaza fomu ya pamoja ya ajali na kuisaini. Usisaini usichokielewa; andika maelezo yako kwenye sehemu yako kwa lugha unayoimudu.

Toa taarifa kwa kampuni siku hiyohiyo. Muda wa mwisho umo kwenye mkataba, na huwa mfupi: Ufaransa, kwa kawaida, ni siku 5 za kazi kwa ajali na siku 2 za kazi kwa wizi.

## Hatua ya 10: Muda unapoisha

Ukihitaji siku zaidi, nunua kabla ya saa ya mwisho. Bima nyingi za muda mfupi hazirefushwi. Unanunua mkataba mpya, unaanza na maswali upya, na kampuni inaweza kukataa ikiwa umeshafikisha idadi ya siku inazoruhusu kwa mwaka. Hakikisha dakika ya kuanza kwa mkataba wa pili inagusana na ile ya kuisha kwa wa kwanza.

Ukirudisha gari, rekodi tena ile video, na upate maandishi ya mpokeaji. Ofisi ikiwa imefungwa na unatumbukiza funguo kwenye kisanduku, rekodi hadi funguo zinapodondoka, kwa kuwa mara nyingi wewe ndiye unayebaki na dhamana ya gari hadi ofisi itakapofunguliwa asubuhi.

Hifadhi cheti, muhtasari wa majibu na video kwa miaka kadhaa. Madai ya mtu wa tatu, hasa ya majeraha, huweza kuja muda mrefu baada ya wewe kurudi kwenu, yakiwa yameandikwa kwa lugha ya huko na kutaja siku na saa; nawe utajibu kwa hati, si kwa kumbukumbu.